Hali ya Hewa ya Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi, kabla Faradji hajafungua mlango wa mbele wa duka, Mado alikuwa ameshamaliza kuwanywesha buibui. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alichota maji kwa kijiko cha chai, akaloanisha udongo kwenye kona moja ya kila sanduku la kioo, akatupa mende mmoja ndani na kurudisha kifuniko. Masanduku yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa kwenye rafu ya depo, ghala la nyuma ya duka, pale ambapo zamani palijaa magunia ya mpunga. Buibui walikuwa wakubwa, wenye manyoya, mmoja akitosha kufunika kiganja cha mtu mzima. Mado hakuwaogopa. Mwaka ule alikuwa ameona mengi ya kuogopa, na hakuna hata moja lililokuwa na miguu minane.

Faradji alikuwa mfanyabiashara wa Kasongo, mtoto wa mfanyabiashara, mjukuu wa mfanyabiashara, na ukoo wao haukuwahi kukataa bidhaa kwa sababu ya sura yake. Barabara zilipoharibika, mpunga ukawa hauendi popote. Buibui ni mwepesi, anaingia ndani ya ndege bila kupakiwa na vijana wanne. Mteja alikuwa mtu mmoja wa Ubelgiji aliyefuga buibui nyumbani kwake kama wengine wanavyofuga kuku, ila yeye hakuwala.

Shida ilikuwa moja tu: walikufa. Walifika kule wakiwa wazima, na baada ya wiki chache miguu ikajikunja chini ya tumbo, basi. Mteja hakugomba. Alituma ujumbe mrefu wa heshima, akaeleza kwamba kiumbe anayefungiwa anahitaji hali ya hewa ya kwao, na kumnyima hiyo ni ukatili. Pamoja na ujumbe alituma fishi, yaani karatasi ya kujaza: mahali buibui alipochimbuliwa, joto la asubuhi, joto la mchana, unyevu, miezi ya mvua, miezi ya kiangazi. Alituma na vipima joto viwili. Kimoja kilipotea njiani, kingine kilifika kimevunjika.

Faradji aliigeuza karatasi upande wa pili, akaona hakuna kitu, akampa Mado.

“Dada, wewe ndiyo mutu wa kule. Andika.”

Kule kulikuwa Wamaza. Mado alitoka huko mwezi wa tatu na watoto wake wawili, siku watu wenye silaha walipoingia kijiji cha jirani. Walitembea hadi Kabambare, wakapanda pikipiki hadi Kasongo, na sasa walilala pembeni mwa mji chini ya bashi, lile turubai la plastiki, pamoja na familia nyingine nyingi za kule. Mama yake, Dieudonnée, alikataa kuondoka. “Mupunga haivunwi na mutu aliyekimbia,” alisema, akachukua jembe lake. Mado alimwacha akiwa ameinama shambani, na tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kama mama yake bado yuko.

Buibui wa sanduku la saba ndiye aliyetoka huko. Pitchou, dereva wa pikipiki, alimleta mwezi wa saba katika safari yake ya mwisho kabla njia haijafungwa. Alimchimbua nyuma ya jiko la Dieudonnée, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mado alimfahamu buibui yule. Mama yake hakuwahi kumwagia maji ya moto shimoni kwake, kwa kuwa alikula mende. “Mama iko muzima,” Pitchou alimwambia siku ile akikabidhi kopo. “Anasema watoto wavae nguo mbili asubuhi, juu ya baridi.” Baada ya hapo Pitchou hakurudi tena kule, mnara wa simu wa upande ule ukanyamaza, na habari zikaisha.

Basi Mado akaandika. Hakuwa na tarakimu, kwa hiyo aliandika kama watu wa kwao wanavyojua. Joto la asubuhi: mama anajifunga kitenge cha pili, anakivua jua likigusa mlango wa jiko. Unyevu: chumvi inaganda, haimiminiki mpaka iwekwe karibu na moto. Mwezi wa saba: ukungu, umande. Wa nane: moshi, watu wanachoma mashamba. Wa tisa: mvua ya kwanza, kumbikumbi wanaruka. Wa kumi na moja: mvua kila alasiri, mpunga unafika magotini, hakuna moshi isipokuwa wa chakula.

“Namba iko wapi?” Faradji aliuliza.

“Namba ni za mwenye kipimo.”

Faradji hakuwa na nguvu za kubishana. Aliibandika karatasi kwenye sanduku la saba. Kwa yale mengine, ambayo buibui wake walichimbuliwa hapohapo Kasongo, Mado aliandika hali ya Kasongo.

Kesho yake asubuhi sanduku la saba lilikuwa na ukungu ndani, na umande kwenye nyuzi za buibui. Mado aligusa kioo. Ilikuwa baridi ya kwao, ya saa kumi na mbili. Alikwenda kumwita Faradji, naye akaja na kikombe chake cha chai, akagusa kwa kidole kimoja.

“Sawa,” alisema. “Basi hii usimwagie tena maji.”

Kazi ikapungua kijiko kimoja. Masanduku mengine nayo huenda yalibadilika, lakini hali ya hewa ya Kasongo ndani ya Kasongo haionekani.

Mwezi wa nane, alasiri moja, moshi mweupe ulipanda ndani ya sanduku. Ulinuka nyasi kavu na visiki. Mado alisimama pale na ufagio mkononi, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwezi wa tatu. Mama yake amechoma shamba. Anayechoma shamba yu hai, na ana nia ya kupanda. Alilia kidogo, akafuta majivu yaliyotua juu ya kifuniko, akaendelea kufagia.

Jioni aliwaambia watu wa mabashi, na siku iliyofuata wakaanza kuja. Walikuja wachache wachache, wakakaa kwenye benchi mbele ya rafu, mikono juu ya magoti, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Aliyekuja kila siku alikuwa mzee Antoine, katekista wa kule, ambaye alikimbia na daftari la majina ya waliobatizwa na hakuchukua hata sufuria. Faradji aliwaomba jambo moja tu, wasiegemee rafu.

Mvua ya kwanza ilianza saa tisa mchana, ndani ya sanduku la saba peke yake, wakati jua la Kasongo linachoma mabati. Ilinyesha kwa nusu saa. Kumbikumbi wakatoka udongoni wakaruka, wakagonga kioo, na buibui akala akashiba.

“Sasa wako wanapanda,” Antoine alisema.

“Mwenye mbegu,” Mado akajibu.

“Mwenye mbegu, ndiyo.”

Mwanamke mmoja, Grâce, aliuliza kama mvua imefika na ng’ambo ya mto, kwenye karanga zake. Mado alimweleza kwamba sanduku ni la nyuma ya jiko tu, mtoni halifiki. Grâce alishukuru, akasimama, akarudi kwenye bashi lake. Mkaguzi alipokuja kugonga mhuri kwenye karatasi za kusafirisha wanyama, aliitazama mvua, akapekua kitabu chake toka mwanzo hadi mwisho, akasema mvua haimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa kutoka nchini. Akagonga mhuri, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Siku moja mvua ilipiga kote kuwili, ndani ya sanduku na nje. Antoine alikuja amelowa mpaka mifupani. Alimtazama buibui, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa shimo lake, mkavu, ametulia.

“Mimi vilevile natoka Wamaza,” alisema. “Hapa nalala chini ya bashi yenye kutoboka. Nani aliniuliza joto yangu?”

“Papa Antoine,” Faradji alisema kwa upole, “wewe hakuna mutu aliyekuagiza.”

Watu wa benchi wakacheka. Antoine naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Kisha ukafika mwezi wa kumi na moja. Jumanne asubuhi Mado aliingia depo akakuta sanduku la saba limekuwa jeusi. Alidhani kioo kimechafuka, akakifuta kwa upindo wa kitenge. Weusi ulikuwa kwa ndani. Ulikuwa moshi mzito, umejaa kutoka udongoni hadi kifunikoni, na buibui hakuonekana. Mado alifunua kidogo akanusa. Nyasi za shambani zina harufu yake, na nyasi za paa zina yake, kwa sababu zimekula masizi ya jiko miaka kumi. Hii ilikuwa ya paa.

Antoine alifika, akanusa, akaenda kukaa. Wengine wakafika, nao wakanusa. Methali ya pafukapo moshi kila mmoja wao aliijua tangu utoto, na hakuna aliyeitaja.

Faradji alisoma karatasi iliyobandikwa, kidole kikifuata mistari. “Uliandika mwezi wa kumi na moja hakuna moshi.”

“Ndiyo.”

“Sasa hii?”

“Hii haikutoka kwangu.”

Hapo ndipo walipoelewa. Muda wote ule walidhani sanduku linaitii karatasi, kwa kuwa wote wamekulia katika nchi ambayo bila karatasi mtu hata hazikwi. Kumbe sanduku lilikuwa linaitii Wamaza.

Alasiri mvua ilinyesha kama kawaida na moshi ukafa. Yakabaki majivu na tope jeusi. Buibui alikuwa ameshuka shimoni na kuziba mlango kwa uzi wake, safu juu ya safu. Mado alikaa mbele ya kioo mpaka Faradji alipokuja kufunga, na Jumatano akafika mapema kuliko siku zote. Hakukuwa na kitu. Moshi haukuwako, hata ule mdogo wa chakula.

Siku hiyohiyo mteja aliandika kwamba anataka sanduku la saba, hilo aliloelezwa na Faradji, lenye hali kamili, lilivyo, pamoja na udongo wake. Ndege ilikuwa ya Alhamisi.

Mado alikwenda dukani. Hakuwahi kumwomba Faradji kitu.

“Papa Faradji, tuma ingine. Ziko kumi na moja.”

“Zile ni za hapa. Yeye anaomba hii.”

“Basi nipe siku tatu. Kama mama iko, atawasha moto. Anawasha kila siku saa kumi na mbili asubuhi, hata akiwa mugonjwa. Nikiona moshi ya jikoni, hata kidogo, nitaifunga mwenyewe kwa mikono yangu.”

Faradji alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa na watu kumi na tisa, na biashara ya mpunga ilikuwa imeshakufa, ya mawese imeshakufa, imebaki hii ya buibui. Karatasi za mkaguzi zilikuwa zinaisha nguvu Ijumaa.

“Nitafanya je, dada?” alisema. “Niambie wewe. Nitafanya je?”

Alhamisi asubuhi Mado alilifunga sanduku mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa. Alilizungushia kartoni, akatoboa matundu ya hewa kwa msumari, akaandika juu: NYUMA YA JIKO, WAMAZA. Chini ya sanduku palikuwa bado na vuguvugu. Alilishika hivyo kwa muda, kisha akalikabidhi.

Watu wa benchi waliendelea kuja kwa siku nne tano, wakakaa mbele ya nafasi tupu. Halafu wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Antoine alikuwa wa mwisho. Wiki ya pili Faradji alipata buibui mwingine wa hapohapo Kasongo, akanunua kioo, na Mado akabandika namba saba mpya.

Mwezi wa kumi na mbili mteja aliandika. Faradji alimwita Mado, akamsomea kwa sauti, akitafsiri taratibu. Buibui ni mzima na amenenepa. Mvua inanyesha alasiri bila mtu kugusa kitu, na majirani wanakuja Jumapili kuitazama na kunywa kahawa. Mteja hajawahi kuona kazi nzuri kama hii. Kuna jambo moja dogo, moshi. Siku za kwanza haukuwako kabisa, lakini tangu wiki iliyopita unatoka mwembamba kwenye kona ya nyuma, mara mbili kwa siku, saa kumi na moja alfajiri na tena jioni. Anaomba ushauri jinsi ya kuuondoa.

Mado aliweka kijiko chini.

“Soma tena ile ya saa.”

Faradji alisoma tena. Saa kumi na moja ya Ubelgiji ni saa kumi na mbili ya huku, wote wawili walijua. Mado alitaka kukaa na hakukuwa na kiti, akakaa kwenye gunia. Furaha ilimjia, na nyuma yake hofu, zikifuatana karibu.

“Kuna mutu anapika pale,” alisema.

“Al-hamdulillahi,” Faradji alisema. “Basi ni mama.”

“Ama ni wale waliochoma.”

Waliochoma nao hula.

Lakini Mado alijua jinsi ya kutofautisha. Mama yake aliwasha moto kwa makapi ya ngazi, matunda ya mchikichi, yale yanayobaki mafuta ya mawese yakishakamuliwa, na moshi wake una harufu nzito, tamu, inayoganda kwenye nguo. Jirani zake walimcheka kwa hilo miaka yote. Watu wa silaha huwasha kwa chochote, hata mlango wa nyumba.

“Muambie asiondoe,” alisema. “Muambie anuse. Inanukia mawese? Ile tu. Neno moja, ndiyo ama hapana.”

Faradji aliandika. Hakuongeza salamu za biashara wala habari za bei. Aliandika kwamba mwanamke aliyejaza karatasi anaomba kwa unyenyekevu kujua harufu ya ule moshi. Kisha mtandao ukapotea kwa siku mbili, kama unavyofanya. Siku hizo mbili Mado aliwanywesha buibui, akapika, akawavalisha watoto nguo mbili asubuhi, na mtu aliyemsemesha alilazimika kurudia.

Jibu liliingia Ijumaa, Faradji akiwa ametoka msikitini. Alilisoma kwanza peke yake. Mado alimwona jinsi anavyosoma, akajua.

Mteja aliomba radhi. Yeye hana pua nzuri, na kwa bahati mbaya kabla ujumbe haujamfikia alikuwa ameshafunga feni ndogo nyuma ya sanduku, na kichujio cha mkaa. Inafanya kazi vizuri sana. Moshi umekwisha. Kwa kweli, aliandika, sasa hali yake ni nzuri kuliko ya kwao.

“Muombe aizime,” Mado alisema. “Asubuhi moja. Moja tu, Papa Faradji.”

Faradji aliomba. Safari hii jibu halikuchelewa. Mteja alieleza, kwa heshima ileile, kwamba hangependa kufanya hivyo. Kubadilisha hali ghafla kunamuumiza mnyama. Buibui ameshazoea.

“Ameshazoea,” Mado alisema.

“Ndivyo aliandika.”

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Mteja alikuwa ametengeneza fishi mpya, bora kuliko ile ya zamani, na alishukuru sana kwa msaada wao. Mistari ilikuwa ileile, ila mwisho pameongezwa neno moshi na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Angepokea tu wale wa hapana.

Faradji alizichapisha kumi na mbili kwa kijana wa mashine, akazileta depo na kalamu. Alibaki mlangoni, mikono nyuma.

“Hawa ni wa hapa,” alisema. “Weka hapana, dada. Siyo uongo.”

Haikuwa uongo. Mado alijaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliandika joto, akaandika mvua, akaandika udongo, na chini kabisa akaweka alama kwenye hapana, mara kumi na mbili. Nje Antoine alikuwa akipita na kuni kichwani. Aliuliza kupitia dirishani kama kuna habari za kule. Mado akamwambia hakuna.

Kisha akachukua kijiko na kuanza na sanduku la kwanza. Alinywesha la pili, la tatu, la nne, la tano na la sita. La saba alilipita kwa mazoea, ingawa sasa ndani yake mlikuwa na buibui mwingine, wa Kasongo, mwenye kiu.